Mary Eleanor Bowes: Mjane tajiri aliyenaswa na mtu aliyejifanya anakufa

Tarehe 17 Januari mwaka 1777, watu waliokuwa katika kanisa la St James, mtaa wa Piccadilly jijini London, waliona harusi ya ajabu. Bwana harusi aliletwa amebebwa kitandani. Siku nne kabla alikuwa amejeruhiwa katika pambano la silaha, na madaktari walisema hatapona. Bibi harusi alikuwa mjane wa miaka 27, mmoja wa wanawake matajiri kuliko wote Uingereza. Alikubali kuolewa kwa huruma. Alijua kwamba baada ya siku chache atakuwa mjane tena.

Mgonjwa hakufa. Muda mfupi baada ya harusi alikuwa amesimama kwa miguu yake, mzima, na mwanamke yule alianza kuelewa kwamba amenaswa. Ilimchukua miaka minane kutoka.

Jina lake lilikuwa Mary Eleanor Bowes. Huenda hujawahi kulisikia, lakini uzao wake unaufahamu. Elizabeth Bowes-Lyon, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, alitoka katika ukoo wake, na kwa hiyo hata Mfalme Charles wa sasa ni kitukuu chake wa mbali. Maisha ya bibi huyu yanatuonyesha jinsi mtu mwerevu, msomi na tajiri anavyoweza kutiwa kifungoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ni nani waliomfungulia mlango.

Binti wa makaa ya mawe

Mary Eleanor alizaliwa tarehe 24 Februari 1749. Baba yake, George Bowes, alikuwa na ardhi kubwa na migodi ya makaa ya mawe katika jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza. Makaa hayo yalisafirishwa kwa merikebu hadi London, ambako watu waliyatumia kupikia na kuota moto wakati wa baridi. Biashara hiyo ilimpa utajiri mkubwa mno.

Bwana Bowes hakuwa na mtoto mwingine. Alimsomesha binti yake kama watu wa siku zile walivyosomesha watoto wa kiume: lugha za kigeni, fasihi na sayansi. Mary Eleanor aliandika tamthilia ya mashairi akiwa bado kijana. Alichokipenda zaidi ni mimea. Katika shamba la familia lililoitwa Gibside alijenga nyumba ya vioo ya kukuzia mimea ya nchi za joto, na mwaka 1777 alimgharimia kijana mmoja Mskoti, William Paterson, asafiri hadi kusini mwa Afrika kumtafutia mimea na mbegu.

Baba yake alifariki mwaka 1760. Binti alikuwa na miaka 11. Alirithi mali ambayo wakadiriaji wanaiweka kati ya pauni 600,000 na zaidi ya milioni 1, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Wosia wa baba ulikuwa na sharti: mwanaume yeyote atakayemwoa lazima achukue jina la Bowes.

Siku aliyotimiza miaka 18, Mary Eleanor aliolewa na John Lyon, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Strathmore huko Scotland. Walipata watoto watano, wa kike wawili na wa kiume watatu. Haikuwa ndoa ya mapenzi makubwa. Mume alikuwa mtu mkimya, hakupenda vitabu wala mambo ya mimea, na baadaye aliugua kifua kikuu. Mwaka 1776 alipanda merikebu kwenda Ureno kutafuta hali ya hewa nzuri. Alifia baharini mwezi Machi, kabla ya kufika.

Mjane mwenye maadui na marafiki wa uongo

Mary Eleanor alibaki na watoto watano, madeni ya mume na shemeji aliyemchukia. Mdogo wa marehemu, Thomas Lyon, alisimamia mambo ya watoto na alimwona mjane kama mtu asiyefaa kuwalea.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Hakuwa mjane aliyekaa ndani akilia. Alikuwa na uhusiano na mwanaume mwingine, George Gray, mfanyabiashara aliyetajirika India, na alikuwa na mimba yake. Walikuwa wamekubaliana kuoana. Watu wa mjini walimsema sana, na magazeti yalimcheka. Aliwaamini watu upesi, alipenda kusifiwa, na hakuwa na mzee wa kumshauri baada ya baba kufa.

Hata hivyo alifanya jambo moja la busara. Wiki moja kabla ya harusi ile ya kanisani alitia saini hati ya kisheria iliyoiweka mali yake chini ya wadhamini, ili faida yake iwe yake peke yake hata akiolewa. Hati hii inahitaji maelezo. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mwanamke akishaolewa, fedha zake, mapato ya ardhi yake na hata mshahara wake vilikuwa chini ya mume. Watoto nao walikuwa wa mume. Njia mojawapo ya kujikinga ilikuwa mkataba uliosainiwa kabla ya ndoa. Mary Eleanor aliusaini akitazamia kuolewa na Gray. Hakujua kwamba mtu mwingine alikuwa amekwisha tega mtego.

Mtego wa Andrew Robinson Stoney

Andrew Robinson Stoney alikuwa luteni wa jeshi aliyezaliwa Ireland. Alikuwa mtanashati na msemaji mzuri, lakini mwenye madeni. Kabla ya hapo alikuwa amemwoa Hannah Newton, binti mwingine mwenye mali ya makaa ya mawe kule Durham. Alimtesa na kutapanya mali yake, na mke huyo alifariki. Sasa Stoney alikuwa London, na macho yake yalikuwa kwa mjane wa Strathmore.

Hakwenda kumvamia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Alianza kwa kuwapata watu wa ndani ya nyumba, waliomweleza mjane anapenda nini na anaogopa nini. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba hata mpiga ramli aliyekwenda kumtazama alikuwa amehongwa ili amtabirie mambo yanayomfaa Stoney.

Kisha gazeti la Morning Post likaanza kuchapisha barua za kumtukana mjane huyo, nyingine zikimtetea. Stoney akajitokeza kama mtu aliyekasirishwa na matusi hayo. Tarehe 13 Januari 1777 alikutana na mhariri wa gazeti, Henry Bate, katika chumba cha hoteli moja, wakapigana kwa bastola na mapanga. Stoney alitolewa akiwa na damu, akiwa mtu aliyemwaga uhai wake kwa ajili ya heshima ya mwanamke. Ombi lake la mwisho lilikuwa moja tu: amwoe kabla hajafa.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba pambano lile lilipangwa, na kwamba Stoney mwenyewe alihusika na barua zile za gazetini. Yaani alichoma nyumba kisha akaja na ndoo ya maji. Mjane aliona mtu mmoja tu katika mji mzima aliyekuwa tayari kumfia. Akamwacha Gray, akaenda kanisani.

Miaka minane ndani ya nyumba

Stoney alichukua jina la Bowes kama wosia ulivyotaka. Aliponyoosha mkono kuchukua fedha, akakutana na ile hati. Hasira yake ilikuwa kubwa. Tarehe 1 Mei 1777, miezi mitatu na nusu baada ya harusi, Mary Eleanor alitia saini karatasi nyingine ya kuifuta hati ya kwanza. Baadaye mahakama ilielezwa kwamba alifanya hivyo kwa kupigwa na kutishwa.

Tangu hapo maisha yake yalibanwa upande mmoja baada ya mwingine. Barua zake zilisomwa na mume kabla hazijamfikia. Hakuruhusiwa kumtembelea mtu wala kupokea mgeni bila idhini. Hakutoka kwa gari lake la farasi ila kwa ruhusa. Mume ndiye aliyeamua avae nini na ale nini, na mara nyingi alikaa na njaa katika nyumba iliyojaa chakula. Alipigwa ngumi, fimbo na mateke. Wageni walipouliza alama usoni, alipaswa kusema ameanguka. Watu wengi walimwamini mume, kwa sababu mbele za wageni alikuwa mpole na alimzungumzia mkewe kama mtu asiye na akili timamu.

Alimnyima pia kile kilichomfurahisha. Bustani ya Gibside iliachwa ikaharibika, miti ikakatwa na kuuzwa kwa mbao. William Paterson aliyekuwa kule kusini mwa Afrika aliachwa na madeni, kwa kuwa mume alikataa kulipia safari.

Mwaka 1778 alimlazimisha aandike makosa yote aliyowahi kuyafanya maishani, pamoja na mambo ya siri kabisa. Maandishi hayo aliyatunza mwenyewe. Kila mke alipofikiria kuondoka, alikumbushwa kwamba siri zake zitatolewa hadharani. Hiyo ilikuwa kamba ngumu kuliko kufuli la mlango. Mwanamke aliyekwisha kusemwa na mji aliogopa kusemwa zaidi, na mtesaji alilijua hilo.

Wakati huohuo mume alipanda cheo. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Newcastle kuanzia mwaka 1780 hadi 1784, kwa fedha za mkewe. Wafanyakazi wa kike nyumbani nao hawakusalimika mikononi mwake. Mary Eleanor alikuwa na watoto wengine wawili sasa, binti aliyezaliwa mwaka 1777 na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1782. Watoto wale watano wa kwanza hakuwaona ila kwa nadra.

Mfanyakazi wa ndani afungua mlango

Mwaka 1784 aliajiriwa mtumishi mpya aitwaye Mary Morgan. Alikuwa mjane pia. Kazi yake ilikuwa kumvalisha na kumhudumia bibi wa nyumba, kwa hiyo aliona majeraha yaliyofichwa chini ya nguo. Alifika akiwa ameambiwa kwamba bibi ni mtu wa ajabu mwenye kujiumiza. Hakuchukua muda kuelewa nani anamuumiza nani.

Morgan alifanya kile ambacho wageni wote wakubwa waliopita katika nyumba ile hawakukifanya. Aliamini alichokiona. Akazungumza na watumishi wenzake wa kike, wakapanga. Jioni ya tarehe 3 Februari 1785, mume akiwa amekwenda kula kwa rafiki, waliwaondoa kwa hila watumishi waliowekwa kumlinda bibi. Mary Eleanor akatoka nje ya nyumba yake katika mtaa wa kifahari wa Grosvenor Square, akapanda gari la kukodi, akaenda kujificha. Hakubeba fedha wala mali, na mtoto wake mdogo ilibidi amwache nyuma. Morgan alitoka naye.

Kutoka chumba cha kupanga alifungua kesi. Alikwenda mahakama kuu kuomba ulinzi dhidi ya mume. Alikwenda mahakama ya kanisa, iliyoshughulikia ndoa, kuomba talaka kwa sababu ya ukatili na uzinzi. Alikwenda pia mahakama ya mali kuomba ile hati ya kwanza irudishiwe nguvu. Watumishi wa zamani walikuja mmoja mmoja kutoa ushahidi wa waliyoyaona. Mwezi Mei 1786 mahakama ya kanisa ilimpa ushindi. Mume akakata rufaa.

Kutekwa barabarani

Mume alijua rufaa ikishindwa amepoteza kila kitu. Kwa sheria ile, kama mke angerudi kuishi naye, kesi ya talaka ingekufa. Kwa hiyo aliamua kumrudisha kwa nguvu.

Alimtumia askari mmoja aliyejipenyeza kwa Mary Eleanor akijifanya mlinzi wake. Tarehe 10 Novemba 1786, mchana, katika barabara ya Oxford jijini London, mama huyo alikamatwa kwa hati ya uongo, akatiwa ndani ya gari, na humo akamkuta mume. Farasi walikimbizwa usiku na mchana, safari ya karibu kilomita 400 kwenda kaskazini, hadi ngome ya Streatlam, jengo ambalo lilikuwa mali ya baba yake mwenyewe.

Huko alielekezewa bastola kichwani na kutakiwa atie saini karatasi ya kukubali kuishi naye kama mke. Akakataa. Alitishwa tena, akapigwa, akakataa. Mwanamke ambaye miaka tisa nyuma alisaini kwa woga, safari hii alikuwa tayari kufa kuliko kusaini.

Habari zilikuwa zimesambaa. Wachimbaji wa makaa ya mawe waliowahi kufanya kazi chini ya baba yake walikusanyika kuizunguka ngome. Mume akamtoa kisirisiri usiku, akamzungusha juu ya farasi katika vilima vyenye theluji, bila nguo za kutosha, kwa siku kadhaa. Mwisho wake ulikuja kijijini, karibu na mji wa Darlington. Watu waliokuwa mashambani walimzingira yule bwana mwenye bastola. Askari wa kijiji akampiga, akaanguka kutoka kwenye farasi. Mary Eleanor akajiweka mikononi mwa wanakijiji wale, nao wakamwondoa salama. Alipofikishwa mbele ya majaji London, alikuwa hawezi kusimama.

Hukumu

Mwaka 1787 mtesaji alihukumiwa kifungo cha miaka 3, faini ya pauni 300, na kuweka dhamana ya kutomsumbua mkewe kwa miaka 14. Mwaka 1788 mahakama ya mali iliamua kwamba karatasi ya kuifuta hati ilipatikana kwa vitisho na ukatili, kwa hiyo haina nguvu. Mali ikarudi kwa mwenyewe. Mwezi Machi 1789 rufaa ya mwisho ya talaka ilikataliwa. Kwa sababu ya madeni, mtu yule hakuwa huru tena hadi alipokufa mwaka 1810.

Haikuwa talaka kamili kama tunavyoifahamu leo. Walitenganishwa, lakini Mary Eleanor hakuweza kuolewa tena wakati mume yu hai. Pia hakupona sifa. Mume alichapisha yale maandishi ya siri ili kumwaibisha, na wachora katuni walimcheka zaidi mteswa kuliko mtesaji. Hata hivyo majaji hawakutakiwa kuamua kama alikuwa mwanamke safi. Walitakiwa kuamua kama aliteswa, na aliteswa.

Aliishi miaka yake ya mwisho kusini mwa Uingereza, pamoja na wanawe wadogo, mbwa wengi, na Mary Morgan. Morgan alipofariki mwaka 1796, aliyekuwa bibi yake aliweka jiwe la kumbukumbu kwa heshima yake katika kanisa la Christchurch. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 28 Aprili 1800, akiwa na miaka 51, na akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, wanapozikwa wafalme na washairi. Mwandishi William Thackeray aliichukua habari ya mume huyo akatungia riwaya ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1844.

Inatuhusu nini?

Sheria iliyomfunga Mary Eleanor haikubaki Uingereza. Mwaka 1882 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Nchini Kenya sheria hiyohiyo ya 1882 iliendelea kutumika mahakamani hadi ilipotungwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Tanzania ilikuwa imetangulia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume, na inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake.

Msikilizaji, ukiyatazama maisha haya utaona kwamba kipigo hakikuja kwanza. Kwanza ilikuja huruma, katika wakati wa upweke baada ya msiba. Ikafuata haraka ya ndoa. Kisha karatasi za kusainiwa, kisha kukatwa na ndugu na marafiki, kisha siri zilizowekwa kama rehani. Kipigo kilipozoeleka, milango mingine yote ilikuwa imekwisha fungwa.

Na waliomtoa hawakuwa mabwana wakubwa waliokula mezani kwake. Ni mfanyakazi wa ndani aliyeamini macho yake, watumishi waliokubali kusimama mahakamani, wachimba makaa, na watu waliokuwa shambani siku ya baridi, waliomwona mwanamke asiyemjua yeyote kati yao akiwa juu ya farasi na mtu mwenye bastola, na hawakugeuza macho pembeni.